Kipokezi kama Hati: Redio za Vali za Ulaya katika Vitongoji vya Dar es Salaam na Namna ya Kuzichunguza kwa Usalama

Utangulizi

Historia ya utangazaji nchini Tanzania kwa kawaida huanzia studioni. Wanaoiandika huanza na tarehe 1 Julai 1951, siku kituo cha majaribio cha Sauti ya Dar es Salaam kilipoanza kurusha matangazo chini ya serikali ya kikoloni. Hupita mwaka 1956, lilipoundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, kisha hufika mwaka 1965, shirika hilo lilipovunjwa na nafasi yake kuchukuliwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, chombo kilichowekwa moja kwa moja chini ya wizara. Masimulizi hayo ni sahihi, lakini ni ya upande mmoja. Yanaeleza nani alisema, kwa mtambo gani na kwa amri ya nani. Hayaelezi vya kutosha sauti hiyo ilipokelewa kwa kifaa gani, kifaa hicho kilipata wapi umeme, na kilikuwa na uwezo wa kusikia nini kingine ambacho serikali haikukitangaza.

Makala hii inashughulikia upande wa pili, yaani upande wa kipokezi. Hoja yake ni kwamba redio ya vali iliyotengenezwa Ulaya katika miaka ya 1940 na 1950, ikisomwa kwa makini, ni hati ya historia inayostahili kuwekwa meza moja na majalada ya Nyaraka za Taifa. Hata hivyo, kuna tofauti moja kubwa. Jalada likifunguliwa vibaya huchanika ukurasa. Redio ya vali ikichomekwa ukutani bila maandalizi inaweza kuungua, na inaweza kumuua aliyeishika. Kwa sababu hiyo utambuzi wa kifaa na majaribio ya usalama vinachukuliwa hapa kuwa sehemu ya uhakiki wa chanzo, si kazi ya pembeni ya kuachiwa fundi peke yake.

Redio hizo hazijaisha mjini. Zipo zilizobaki sebuleni, juu ya kabati, zikiwa zimefunikwa kitambaa cha kufuma. Zipo zilizowekwa stoo baada ya mwenye nyumba kufariki. Zipo zilizorundikana nyuma ya vibanda vya mafundi, kuanzia Magomeni na Mwananyamala upande wa Kinondoni hadi Tandika na Mtoni upande wa Temeke. Maadui wao wa zamani walikuwa mchwa, panya na hewa ya chumvi. Leo wameongezeka wawili. Wa kwanza ni mnunuzi anayelitaka sanduku la mbao tu, ambaye huitoa mitambo yote ya ndani, akaiuza kama chuma chakavu na kuweka kibao kidogo cha kuchezea muziki wa simu. Wa pili ni mrithi mwenye nia njema anayeichomeka ili aone kama bado inasema. Wa kwanza huifuta hati kwa makusudi. Wa pili huifuta bila kujua, na ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi.

Mji wenye umeme na mji usio na umeme

Ili kuelewa kwa nini redio mbili za umri mmoja, kutoka kiwanda kimoja, zinaweza kutofautiana kabisa ndani, lazima kwanza uangaliwe mji wenyewe. Dar es Salaam ya Waingereza iligawanywa katika kanda za makazi ambazo wenyeji waliziita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, huku uwanja wa Mnazi Mmoja ukitenganisha Kariakoo na mji wa maduka. Kampuni ya kusambaza umeme mjini, DARESCO, iliundwa mwaka 1931, mwaka uleule ilipoundwa TANESCO kwa ajili ya maeneo mengine ya nchi. Ilikuwa kampuni ya biashara, na nyaya zake zilifuata walipaji. Vitongoji vya Magomeni na Temeke, vilivyopanuliwa na serikali baada ya Vita Kuu ya Pili ili kupokea Waafrika waliomiminika mjini, vilijengwa kwa wingi nyumba za Kiswahili, zenye ukumbi katikati, vyumba vya wapangaji pande mbili na baraza mbele. Umeme ndani ya chumba cha mpangaji haukuwa jambo la kawaida. Leslie, ambaye uchunguzi wake wa mji ulifanyika katikati ya miaka ya 1950 na kuchapishwa mwaka 1963, anauonyesha mji wa vibarua na wapangaji ambao mapato yao yaliishia kwenye chakula na kodi.

Kwa hiyo mtengenezaji wa Ulaya aliyetaka kuuza redio Dar es Salaam alikuwa na wateja wa aina mbili. Wa kwanza alikuwa na tundu la umeme ukutani, naye aliuziwa redio kubwa ya mbao yenye transfoma nzito. Wa pili hakuwa nalo, na kwake ilibidi ipatikane redio ya betri. Mfano unaojulikana zaidi wa redio ya namna hiyo haukuanzia Tanganyika bali Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, ambako Harry Franklin, mkurugenzi wa habari wa serikali ya huko, aliishawishi kampuni ya Ever Ready itengeneze redio ndogo ya vali kwa ajili ya Mwafrika wa kipato cha chini. Ilitoka mwaka 1949. Sanduku lake lilikuwa la bati la mviringo, kwa kuwa lilitokana na umbo la sufuria, na jina la sufuria likaikaa. Bei yake ilikuwa pauni 5, na betri yake, iliyouzwa pembeni, iligharimu shilingi 25 na kudumu takriban saa 300. Hesabu hiyo inastahili kutazamwa mara mbili: betri moja ilikuwa robo ya bei ya redio nzima, na mtu aliyesikiliza saa tatu kila jioni alihitaji nyingine kabla ya mwezi wa nne kwisha. Redio ilinunuliwa mara moja, lakini kusikiliza kulilipiwa daima.

Ndiyo maana redio moja haikuwa na msikilizaji mmoja. Iliwekwa ukumbini au barazani, na katika miji ya pwani mikahawa ikawa vituo vya kusikilizia. Hapa tena kifaa kinaeleza jambo ambalo historia ya studio hulipita upesi. Redio nyingi zilizoletwa Afrika Mashariki zilikuwa na masafa mafupi, kwa sababu bila masafa hayo mnunuzi wa Kizungu au wa Kihindi asingeipata London wala Delhi. Lakini kitufe kilichompeleka Mzungu London kilimpeleka pia msikilizaji wa Kiswahili Cairo, ambako matangazo ya Kiswahili yalianza mwaka 1954 yakiushambulia ukoloni waziwazi. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza tarehe 27 Juni 1957, baada ya Cairo kuwa hewani kwa takriban miaka mitatu. Anayeishika leo redio ya wakati ule na kuona kwenye kioo chake mita bendi 49, 31, 25 na 19 anaona mipaka halisi ya usikivu wa mwenye nyumba, nayo ilikuwa mipana kuliko mipaka ambayo serikali ingependa.

Kuisoma redio kabla ya kuigusa

Utambuzi huanza nje, umeme ukiwa mbali. Kioo cha mbele ndicho ukurasa wa kwanza. Redio iliyotengenezewa soko la Ulaya huwa na masafa marefu pamoja na majina ya miji kama Hilversum, Luxembourg na Beromünster. Vituo vya Afrika Mashariki vilitangaza kwa masafa ya kati na masafa mafupi, kwa hiyo bendi ya masafa marefu kwenye redio iliyokutwa Temeke ni ushahidi kwamba ilisafiri na mtu, au iliuzwa na mfanyabiashara asiyejali, au ilifika mitumba miaka mingi baadaye. Redio ya kuuzwa nje kwa kawaida haina bendi hiyo. Badala yake ina masafa mafupi yaliyogawanywa mara mbili, tatu au zaidi. Mikwaruzo na alama ndogo za rangi zilizowekwa kwa mkono juu ya kioo zisifutwe kwa kitambaa wala sabuni. Mtu aliweka alama pale ili akirudi usiku akipate kituo chake bila kuhangaika, na hakuna jalada lolote la serikali lililoandika ni kituo gani.

Ukurasa wa pili uko nyuma. Philips ya Eindhoven, ambayo redio zake zilienea sana katika makoloni, iliipa kila redio ya katikati ya miaka ya 1950 na kuendelea namba inayosomeka kama sentensi. Katika B5X72A, B ni redio ya mezani, 5 ni daraja la bei, X ni Uholanzi, 7 ni mwaka 1957, na A ya mwisho ni umeme wa AC pekee. Kama mwishoni pangekuwa na U, redio hiyo ingetumia AC au DC, na jambo hilo, kama itakavyoonekana, ni suala la uhai. Wajerumani kama Grundig na Telefunken, na Waingereza kama Pye, Murphy na Bush, walikuwa na taratibu zao, na si zote zinazosomeka kirahisi hivyo.

Pale karatasi ya nyuma ilipoliwa na mchwa, vali zenyewe hubaki. Kwa mwanahistoria, vali ni kile ambacho kigae cha chungu ni kwa mwanaakiolojia. Utaratibu wa majina uliotumiwa na Philips, Mullard, Telefunken na wengine wa bara la Ulaya huanza na herufi ya umeme wa filamenti: D ni volti 1.4 za betri, E ni volti 6.3 kutoka kwenye transfoma, U ni miliampea 100 katika mnyororo usio na transfoma, na A ni volti 4, ambayo mara nyingi ni dalili ya redio ya kabla ya vita. Herufi zinazofuata hutaja kazi: CH ni kibadili masafa, F ni kikuza mawimbi, L ni vali ya kusukuma spika, M ni lile jicho la kijani linalofumba kituo kinapokaa sawa, na Z au Y ni kinyooshaji cha umeme. Tarakimu hutaja tundu, na tundu ndilo lenye tarehe. EL3, EL33, EL41 na EL84 zote zilifanya kazi moja ya kusukuma spika. Ya kwanza ni ya miaka ya 1930. Ya pili ina kitako cha pini nane nene. Ya tatu ni ya kioo kitupu cha mtindo wa Rimlock, ulioingia mwishoni mwa miaka ya 1940. Ya nne ina pini tisa nyembamba na ni ya miaka ya 1950. Fundi wa Kariakoo mwaka 1965 aliweza kuweka vali ya kampuni nyingine, hata ya Marekani yenye jina 6BQ5, ambayo ni EL84 kwa jina jingine. Kubadili tundu kulikuwa kazi ya siku nzima ya kulehemu. Kwa hiyo jina lililo kwenye kioo na tundu lililo chini yake vikipingana, tundu liaminiwe kwanza.

Redio ikionyesha ECH81, EF89, EABC80, EL84 na EZ80, mtafiti anajua bila kuhojiana na yeyote kwamba mwenye nyumba alikuwa na umeme wa kutegemewa katika nusu ya pili ya miaka ya 1950. Ikionyesha DK96, DF96, DAF96 na DL96, anajua kwamba huyu alinunua betri. Mgawanyiko wa Uzunguni na Uswahilini umeandikwa juu ya kioo cha vali kwa wino mweupe unaofutika kwa kidole kimoja chenye jasho, kwa hiyo picha ipigwe kabla ya vali kuguswa.

Kabla ya waya kufika ukutani

Ndani ya redio ya umeme ya aina hii kuna takriban volti 250 za umeme mnyoofu. Volti hizo hazitoweki redio inapochomolewa. Kapasita kubwa za kuchuja, ambazo mara nyingi ni mbili za mikrofaradi 50 ndani ya kopo moja, huweza kubaki na chaji baada ya kuzimwa. Redio iliyokaa stoo miaka 40 haina chaji hiyo. Iliyojaribiwa na shemeji jana jioni inaweza kuwa nayo. Anayeifungua aiguse kwanza kwa waya uliopitia rezista ya kiloomu 10, upande mmoja ukiwa kwenye chasisi, asubiri sekunde kadhaa, kisha apime kwa mita kuthibitisha. Kuzipiga shoti kwa bisibisi, kama ilivyo mazoea katika vibanda vingi, huunguza kapasita na huweza kurusha cheche machoni.

Hatari kubwa kuliko zote, hata hivyo, iko katika redio za herufi U. Hizi hazina transfoma ya kutenga umeme wa ukutani na chasisi. Filamenti zake zimefungwa kwa mfululizo kama shanga: UCH81 inachukua volti 19, UF89 volti 12.6, UABC80 volti 28.5, UL84 volti 45 na UY85 volti 38. Jumla ni kama volti 143, na zinazobaki humezwa na rezista moja kubwa ya moto. Mtindo huu uliokoa gharama ya shaba na chuma, na uliiwezesha redio kufanya kazi katika miji iliyokuwa bado na umeme wa DC. Lakini chasisi yake imeungwa moja kwa moja na mojawapo ya nyaya mbili za ukutani. Plagi ikigeuzwa, chuma chote cha ndani kinakuwa na volti 230. Mtengenezaji alimkinga mtumiaji kwa sanduku, vitufe vya plastiki na nta iliyoziba vichwa vya skurubu. Baada ya miaka 60 nta imedondoka, kitufe kimoja kimepotea na mhimili wa chuma uko wazi, na mtoto anaugeuza kwa vidole. Redio ya namna hii isijaribiwe bila transfoma ya kutenga, na asiye nayo aishie kwenye kuipiga picha. Hasara yake kwa historia ni ndogo.

Kwa redio za herufi E zenye transfoma, kazi inaweza kuendelea, na hatua zake zina mantiki ya pole. Waya wa umeme huangaliwa kwanza. Mpira wa miaka ya 1940, katika joto na unyevu wa pwani, hugeuka kuwa unga ukikunjwa, na hapo waya wote hubadilishwa. Kisha hutazamwa kichaguzi cha volti kilicho nyuma, chenye alama kama 110, 125, 145, 200, 220 na 245. Umeme wa Tanzania ni volti 230, nao hupanda na kushuka, kwa hiyo 245 ndiyo nafasi ya tahadhari. Iliyokutwa kwenye 125 isigeuzwe kabla ya kuandikwa daftarini, kwa kuwa inaeleza kwamba redio hiyo iliwahi kuishi mahali pengine, au kwamba mtu aliigusa bila kujua. Fyuzi nayo itazamwe. Mara nyingi mahali pake pana waya wa shaba uliosokotwa, kumbukumbu ya siku ambayo fyuzi haikupatikana dukani.

Baada ya hapo huja globu. Fundi huunganisha globu ya waya ya wati 60 kwa mfululizo na redio, ili umeme wote upite humo kwanza. Ndani ya redio kukiwa na shoti, globu huwaka kwa nguvu zote na redio husalimika. Mambo yakiwa sawa, globu huwaka kidogo tu. Globu za kisasa za LED hazifai kabisa kwa kazi hii, na zile za waya zimeadimika madukani, isipokuwa kwa wafuga kuku wanaozitumia kuwatia joto vifaranga. Mtafiti wa historia ya utangazaji anaweza basi kujikuta akiazima kifaa chake muhimu bandani mwa kuku.

Jaribio la kwanza hufanywa vali ya kunyoosha umeme, kama EZ80, ikiwa imetolewa. Kwa njia hiyo transfoma na filamenti pekee ndizo hupata umeme, na zile volti 250 hazizaliwi. Redio iachwe hivyo robo saa. Filamenti huwaka wekundu hafifu, na transfoma ikipata joto la kuunguza mkono au ikitoa harufu ya lami, kazi imekwisha. Baadhi ya redio, hasa za Kijerumani, hazina vali ya kunyoosha bali pande la selenia. Hilo likiungua hutoa moshi wenye sumu na harufu ya kuoza ambayo aliyewahi kuinusa haisahau. Milango na madirisha yawe wazi.

Ni hapo tu vali ya kunyoosha hurudishwa, na ni hapo mkono mmoja hukaa mfukoni. Kanuni hiyo ya mafundi wakongwe haina ushirikina wowote: umeme unaoingia kwa mkono mmoja na kutokea kwa mwingine hupita kifuani. Viatu viwe vikavu, meza iwe ya mbao, na pawepo mtu wa pili anayejua swichi kuu iko wapi. Jambo la kupimwa upesi ni kapasita ndogo ya karatasi na nta inayopeleka sauti kwenye vali ya spika. Karatasi hiyo imekunywa unyevu wa Bahari ya Hindi kwa miongo sita, na kwa kawaida huvuja. Katika EL84, gridi iliyo kwenye pini ya 2 haipaswi kuwa na volti chanya. Ikiwa nayo, vali inasukuma mkondo kupita kiasi na itaunguza transfoma ya spika pamoja nayo. Kathodi yake, pini ya 3, katika redio nzima ikipata umeme kamili huwa karibu volti 7. Ikiwa nyuma ya globu itakuwa pungufu. Mngurumo mzito spikani ni dalili ya kapasita za kuchuja kukauka.

Redio za betri zina kisa tofauti, na kwa maoni ya makala hii ndicho kisa chenye uzito zaidi. Transista iligunduliwa Marekani mwaka 1947, redio ya kwanza ya transista ikauzwa huko mwaka 1954, na kufikia miaka ya 1960 redio zilizotumia betri za tochi zilikuwa zimefika kwa wingi katika masoko ya Tanganyika. Betri ya redio ya vali, yenye volti 90 kwa anodi na volti 1.5 kwa filamenti, haikuwa na faida tena kwa mwagizaji. Ikatoweka madukani. Kwa hiyo redio nyingi za DK96 zilizobaki hazikufa kwa ubovu, zilikatiwa chakula. Filamenti zake ni nyembamba kuliko unywele, na nyingi ya vali hizo hutumia miliampea 25 tu. Kosa moja la kuunganisha volti 90 mahali pa volti 1.5 huzikata zote kwa mpigo, na vali zilizookoka nusu karne ya ukimya zinakufa mikononi mwa aliyekuja kuziokoa. Kila filamenti ipimwe kwanza kwa mita kama imekamilika, kisha ipewe volti zake peke yake, na zile 90 zije mwisho kupitia rezista ya kuzuia mkondo.

Kubadilisha au kuacha

Kwa fundi, redio isiyosema haijatengenezwa. Kwa mhifadhi, kila kapasita iliyong'olewa ni mstari uliofutwa. Mgongano huu ni wa kweli, na hauwezi kumalizwa kwa kumpa ushindi mmoja wao. Matengenezo ya zamani ni ushahidi pia: rezista iliyowekwa kwa risasi nyingi kupita kiasi, spika ya gari iliyofungwa kwa misumari, vali ya Marekani ndani ya redio ya Uholanzi, vyote vinaonyesha ufundi uliojengwa mjini na watu ambao majina yao hayamo katika ripoti za shirika. Mtafiti anayeagiza redio irudishwe kama ilivyotoka kiwandani anaifuta historia ya Dar es Salaam ili abakize historia ya Eindhoven.

Njia ya kati inayofaa ni hii. Redio yenye alama nyingi za matumizi, hasa ya betri, isiwashwe hata kidogo. Ipimwe, ipigwe picha na kuandikwa. Ile ya kawaida, ambayo mfano wake upo nyumba ya tatu, inaweza kutengenezwa ili sauti yake isikike na wenye umri wa kuikumbuka waweze kuhojiwa ikiwa mbele yao. Kapasita zilizotolewa zifungwe katika mfuko mdogo, mfuko ufungwe ndani ya sanduku, na karatasi iandikwe tarehe na kilichobadilishwa. Sanduku lililofumuka gundi lipelekwe kwa maseremala wa Keko, wanaojua mbao, lakini waambiwe mapema kwamba rangi isiguswe.

Itakaposema, itasema nini? Masafa ya kati mjini leo yamejaa mkwaruzo wa chaja za simu na taa za LED. Redio ya Kijerumani ya mwaka 1957 yenye bendi ya FM ina nafasi nzuri zaidi, kwa kuwa bendi hiyo ndiyo iliyochukuliwa na vituo binafsi vilivyofunguliwa tangu miaka ya 1990. Lakini kioo chake kwa kawaida huishia megahezi 100, ilhali bendi ya sasa inafika 108. Vituo vilivyo chini ya 100 vitaingia vizuri, vikiwa na sauti nene ya spika kubwa ya karatasi. Kwa vilivyo juu yake, mshale utafika mwisho wa kioo na kusimama.